Kompyuta Aipendayo Mtumishi na Kumbukumbu ya Mgonjwa

Ichukuliwe, kwa ajili ya somo hili, zahanati ya mfano iliyoko Mkolani, kusini mwa Jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga. Zahanati hiyo na watumishi wake ni wa kubuni, bali hali yao si ngeni kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi katika kituo cha afya cha Kanda ya Ziwa. Zimepatikana fedha za kununua kompyuta tatu, na kikao cha kuamua aina yake kimekwama kwa saa nzima. Mganga mfawidhi anataka Windows, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea tangu chuoni. Mtunza kumbukumbu, kijana aliyejifunza Linux kwa juhudi zake mwenyewe, anasema kulipia mfumo endeshi ni kupunguza fedha za dawa. Daktari aliyekuja kujitolea kwa miezi sita amefungua MacBook yake mezani na haoni sababu ya mtu kutumia kitu kingine. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto amewasikiliza wote, kisha amesema: “Daktari, mimi nipeni kishikwambi tu, kinachofanana na simu yangu. Hayo mengine nitayasoma lini, na kina mama wamejaa kwenye benchi tangu asubuhi?”

Waswahili husema kipendacho roho hula nyama mbichi. Nyumbani kwa mtu methali hiyo inatosha kuumaliza mjadala. Katika zahanati haitoshi, kwa sababu anayebeba matokeo ya uchaguzi si mtumishi peke yake. Yupo mgonjwa ambaye kumbukumbu yake itakaa ndani ya mashine hiyo, na inapaswa kuendelea kusomeka baada ya mashine kufa na baada ya mtumishi kuhamishwa. Mtoto anayeandikishwa leo kwa chanjo yake ya kwanza anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Sekou Toure au Bugando miaka kumi ijayo. Somo hili linachunguza ni wapi upendeleo wa mtumishi hauna madhara yoyote, na ni wapi unaweza kumfikia mtoto huyo.

Kinachopendwa ni kipi hasa

Mtu anaposema anaipenda kompyuta fulani, kwa kawaida huchanganya mambo matatu. La kwanza ni maunzi, yaani mwili wa mashine, na hasa kichakataji chake. Kompyuta nyingi za mezani na za mpakato zina vichakataji vya Intel au AMD, ambavyo ni vya ukoo mmoja, ilhali simu na vishikwambi karibu vyote vina vichakataji vya ukoo wa ARM. Apple ilianza kuzihamisha kompyuta zake kutoka PowerPC kwenda Intel mwaka 2006, kisha mwezi Novemba 2020 ikaanza kuzihamishia kwenye vichakataji vyake yenyewe vya ukoo wa ARM. Programu iliyoandaliwa kwa ukoo mmoja haiendeshwi moja kwa moja na ukoo mwingine, kama vile damu ya kundi moja isivyoongezwa kwa mgonjwa yeyote tu.

Jambo la pili ni mfumo endeshi, ile programu kuu inayosimamia maunzi na kuzipa programu nyingine nafasi ya kufanya kazi. Windows, macOS na Linux ndiyo mifumo inayojulikana zaidi kwenye kompyuta. Android hutawala simu, na ndani yake kuna kiini cha Linux, ingawa muuguzi anayesema hawezi Linux huigusa kila siku bila kujua. Jambo la tatu ni programu za kazi zenyewe: ya kuandikia barua, ya kutunza hesabu, ya kusajili wagonjwa. Ugomvi wa vikaoni huwa juu ya jambo la pili. Hatari kwa mgonjwa, kama itakavyoonekana, hukaa zaidi katika la tatu.

Mazoea yana hoja yake

Wataalamu wa kompyuta huyadharau mazoea, na hapo hukosea. Mtumishi anayejua kwa vidole vyake ni wapi pa kubofya hukosea mara chache kuliko yule anayetafuta kitufe huku mama mwenye mtoto mchanga akimsubiri. Kumbadilishia mfumo muuguzi anayehudumia foleni ndefu ni kumwongezea mzigo, na mzigo huo hulipwa kwa makosa ya kuandika namba ya kadi, tarehe ya hedhi ya mwisho au matokeo ya kipimo. Kwa hiyo ombi lake la kishikwambi lina uzito wa kitaalamu kama hoja ya mtu yeyote kikaoni. Baada ya Sensa ya mwaka 2022 watu wengi nchini wamekwisha kukiona kifaa hicho, kwa kuwa makarani walikitumia kuhesabia watu na baadaye Serikali ikavigawa kwa walimu. Huko Zanzibar, wahudumu wa afya wa kujitolea katika mpango wa Jamii ni Afya hutembelea kaya wakiongozwa na simu zenye programu maalumu.

Ipo pia hoja ya fundi. Kompyuta ya Windows ikigoma, fundi wa kuirekebisha hupatikana katikati ya jiji kabla ya jua kuchwa. Ya Linux ikigoma, mara nyingi atakayeitengeneza ni yule yule kijana aliyeiweka, na kijana huyo akihamia Geita, zahanati hubaki na sanduku. Hoja hii si dhidi ya Linux yenyewe. Ni dhidi ya kumtegemea mtu mmoja. Kwa upande mwingine, Windows inayowekwa mitaani bila leseni halali haina bei ila ina gharama. Nakala iliyovunjwa kufuli huweza kuja na programu hasidi ndani yake, na mwenye nayo mara nyingi huzima masasisho ya usalama kwa kuogopa kubainika.

Lugha nayo iliwahi kuwa sababu ya kupenda. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu programu huria huruhusu yeyote kuitafsiri bila kuomba ruhusa. Baadaye Microsoft nayo ilitoa nyongeza za Kiswahili kwa programu zake. Hata hivyo watumishi wengi waliokwisha kuzoea menyu za Kiingereza hawakubadili, jambo linaloonyesha jinsi mazoea yanavyoweza kuishinda hata lugha ya mama.

Mosoriot, CTC2, na faili lililofungwa

Mwezi Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret nchini Kenya, ulianza kutumika mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, mmojawapo wa mifumo ya kwanza ya aina hiyo katika vituo vya vijijini kusini mwa Sahara. Uliandaliwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Maunzi yake yalikuwa ya kiasi: kompyuta mbili zilizounganishwa, zikisaidiwa na betri na umeme wa jua. Hifadhidata yake iliandikwa katika Microsoft Access.

Uchaguzi huo ulikuwa wa busara kwa wakati wake. Access ilipatikana pamoja na programu nyingine za Microsoft, na mtu mwenye ujuzi wa wastani aliweza kutengeneza fomu na ripoti kwa wiki chache. Tanzania ilifuata njia inayofanana. Huduma za dawa za kufubaza makali ya virusi vya UKIMWI zilipoanza kuenezwa nchini kuanzia mwaka 2004, kila kliniki ya tiba na matunzo ilijaza kadi ya CTC2 kwa kila mgonjwa, na kadi hizo ziliingizwa katika hifadhidata ambayo nayo ilijengwa kwa Access. Maelfu ya wagonjwa wamefuatiliwa kwa hifadhidata hiyo: nani amekosa siku yake ya kuchukua dawa, nani amehamia kituo kingine, nani amebadilishiwa dawa.

Lakini Access huendeshwa na Windows peke yake. Kwa hiyo kliniki iliyokuwa na hifadhidata hiyo haikuwa na hiari tena juu ya mfumo endeshi. Mwenye Linux au Macintosh hakuweza kulifungua faili la wagonjwa katika umbo lake la asili, hata kama kompyuta yake ilikuwa bora mara tatu. Isitoshe, Access haikukusudiwa kutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja kutoka vituo vingi; faili lake lina kikomo cha gigabaiti 2, na kukatika kwa umeme au mtandao katikati ya kuandika kunaweza kuliharibu. Upendeleo uliowekwa mwanzoni na watengenezaji wachache, kwa nia njema kabisa, uligeuka kuwa sharti kwa kila aliyekuja baadaye.

Njia ya kutoka ilionekana Eldoret kwenyewe. Wagonjwa walipoongezeka, wataalamu wale walianza mwaka 2004 kubuni OpenMRS, mfumo huria unaokaa kwenye seva na kufunguliwa kwa kivinjari, nao ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Safari hiyo hiyo ilipitiwa na mfumo wa takwimu za afya ambao watumishi wa Tanzania wanaujua zaidi. DHIS ya kwanza, iliyozaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo, ilijengwa kwa Access. Toleo la pili, DHIS2, liliandikwa upya kwa lugha ya Java ili lifunguliwe kwa kivinjari chochote. Kenya ililieneza kitaifa mwaka 2011, na Tanzania Bara ikafuata, hivi kwamba takwimu za vitabu vya MTUHA zinazokusanywa Mkolani huishia katika hifadhidata ile ile inayosomwa Dodoma. GoT-HOMIS, mfumo wa uendeshaji wa vituo vya Serikali, nao hufunguliwa kwa kivinjari.

Badiliko hilo ndilo lililowarudishia watumishi uhuru wa kupenda. Kivinjari kikishakuwa mlango wa kuingilia, seva haijali kama anayebisha hodi ana Windows, Linux, Mac au kishikwambi. Mganga wa zahanati ya mfano na kijana wake wa kumbukumbu wanaweza kutumia mashine tofauti juu ya meza moja na kuona jalada lile lile.

Miaka minne na siku moja

Ipo sehemu moja ambayo kivinjari hakijaifikia, nayo ni jedwali la Excel. Karibu kila kituo kina majedwali ya pembeni: orodha ya watoto waliokosa chanjo, daftari la lishe, orodha ya kina mama wa kufuatiliwa. Hapo ndipo tofauti za mifumo huingia kimyakimya.

Excel haihifadhi tarehe kama mtu anavyoiandika. Huihifadhi kama idadi ya siku tangu siku ya kuanzia. Katika Windows hesabu huanzia mwaka 1900. Katika Macintosh, hadi toleo la mwaka 2008, hesabu ya kawaida ilianzia mwaka 1904. Watengenezaji wa Macintosh waliuepuka mwaka 1900 kwa kuwa haukuwa mwaka mrefu, na kuanzia 1904 kulirahisisha hesabu. Excel ya Windows, kwa kulifuata kosa la programu ya zamani ya Lotus 1-2-3, huhesabu tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwahi kuwapo duniani. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja.

Faili zima likihamishwa, Excel hukumbuka hesabu iliyotumika na tarehe hubaki sahihi. Hatari huja pale mtu anaponakili safu za jedwali moja na kuzibandika katika jedwali lililoanzishwa kwa mfumo mwingine. Jedwali la zamani hubaki na hesabu yake hata likifunguliwa kwa toleo jipya, kwa hiyo kosa hili halijafa pamoja na mashine zilizolizaa.

Mfano wa kufanyia zoezi ni huu. Daktari wa kujitolea ana jedwali la lishe alilolirithi kutoka Macintosh ya zamani. Ndani yake kuna mtoto aliyezaliwa tarehe 10 Juni 2009, aliyepimwa Juni 2011 na kuonekana ana kilo 12. Safu hizo zinabandikwa katika jedwali la Windows la mganga mfawidhi. Sasa tarehe ya kuzaliwa inasomeka 9 Juni 2005. Ikiwa tarehe ya kupimwa iliandikwa upya kwa mkono katika jedwali jipya, mtoto wa miaka miwili amegeuka kuwa wa miaka sita. Kilo 12 ni uzito wa kawaida kabisa kwa mtoto wa miaka miwili. Kwa mtoto wa miaka sita, ambaye hutarajiwa kuwa na takriban kilo 20, ni dalili ya utapiamlo mkali. Mtoto mzima anaingizwa katika orodha ya wagonjwa, na idadi ya zahanati inapotoka.

Upande wa dawa una hatari kubwa zaidi. Dozi ya dawa mseto ya malaria, ALu, hupangwa kwa uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge kimoja kwa kila mkupuo, kilo 15 hadi chini ya 25 vidonge viwili. Mizani ikiwa mbovu, umri hutumika badala ya uzito, na mtoto wa chini ya miaka mitatu hupewa kimoja ilhali wa miaka sita hupewa viwili. Muuguzi anayemtazama mtoto mbele yake atalitambua kosa. Asiyemwona, anayeandaa vifurushi vya dawa kwa kufuata orodha, hana cha kumzindua.

Yapo makosa madogo ya ukoo huu. Tarehe 03/04 husomeka Aprili 3 katika kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Uingereza na Machi 4 katika ile iliyopangwa kwa desturi ya Marekani, na kompyuta nyingi hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa Marekani. Kwa mjamzito anayehesabiwa wiki kutoka hedhi ya mwisho, mwezi mmoja unaweza kuamua kama mtoto ni njiti au ametimiza siku. Tiba yake ni kuandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kama 2024-04-03, mpangilio ambao mifumo yote huusoma kwa namna moja. Kosa lingine ni letu wenyewe na halimhusu mtengenezaji yeyote: “saa 2” ya Kiswahili ikiandikwa kwenye kompyuta kama 02:00, dawa ya asubuhi imehamishiwa usiku wa manane.

Umeme wa Mkolani na hesabu ya betri

Katika kuchagua maunzi, swali la ni kipi kizuri zaidi hujibiwa na soketi ukutani. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake inaweza kutumia wati 120 ikiwa kazini. Kompyuta mpakato hutumia takriban wati 30, na kishikwambi chini ya 10. Betri ya risasi ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini ili idumu isitumiwe zaidi ya nusu yake, yaani 600. Kwa kiasi hicho kompyuta ya mezani itafanya kazi saa 5, mpakato saa 20, kabla ya kutoa kinachopotea ndani ya inveta. Mpakato ina betri yake pia, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla, jalada lililo wazi halipotei. Kompyuta ya mezani isiyo na kifaa cha kuhifadhi umeme huzimika katikati ya neno.

Hoja hii ilifikiriwa kwa makini nchini Malawi, ambako wataalamu wa Baobab Health, kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, walitengeneza vituo vya kazi vya kugusa kioo kwa ajili ya kliniki, vyenye Linux na vinavyotumia umeme kidogo. Hawakuichagua Linux kwa mapenzi. Waliichagua kwa kuwa ilikubali kupunguzwa hadi ikatoshea katika mashine ndogo isiyo na vitu vingi vya kuharibika.

Kwa pwani ya Ziwa yaongezwe mambo mawili. Vumbi la msimu wa kiangazi huziba feni, na kichakataji kisichopozwa hujipunguzia kasi au hujizima. Wadudu wadogo wa ziwani, wanaoruka kwa makundi na kuvutwa na mwanga, huingia katika matundu ya mashine iliyoachwa wazi usiku. Mashine isiyo na feni na yenye diski isiyozunguka hustahimili mazingira hayo vizuri zaidi, iwe na nembo gani juu yake.

Usalama si tabia ya nembo

Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilisambaa duniani, ikifunga mafaili na kudai fidia. Huko Uingereza iliathiri mashirika ya hospitali yasiyopungua 80 kati ya 236, na miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ilifutwa. Wapenzi wa Linux huitaja siku hiyo kama ushahidi dhidi ya Windows. Ushahidi wenyewe ni dhaifu kuliko unavyosikika. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuuziba mwanya huo tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla, na mashine nyingi zilizoambukizwa katika hospitali hizo zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikusasishwa. Kwa upande wa pili, mwanya wa Heartbleed uliofichuliwa Aprili 2014 ulikuwa katika OpenSSL, programu huria, na uliziacha wazi seva nyingi zilizokuwa zikiendeshwa kwa Linux.

Swali lenye maana kwa zahanati, basi, ni kama mfumo ilio nao bado unapokea masasisho. Windows XP iliacha kuyapokea kwa kawaida tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazoletwa kutoka nje zina Windows 10, na kwa sababu ya umri wa maunzi yake baadhi hazikubali Windows 11. Hapo kijana wa kumbukumbu ana hoja nzito: mashine kama hiyo ikiwekewa Linux inayosasishwa huweza kufanya kazi za kivinjari kwa miaka mingine bila kuwa mlango ulioachwa wazi.

Suala la wizi nalo lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Mpakato ikiibwa ndani ya daladala ya Buhongwa, nywila ya kuingilia peke yake haitoshi, kwa kuwa mwizi huweza kuitoa diski na kuisoma katika kompyuta nyingine. Diski yenyewe lazima ifungwe kwa fumbo. macOS ina FileVault, Linux hutoa fursa hiyo wakati wa kuiweka, Android ya kisasa huja nayo tayari. Windows ina BitLocker, lakini hupatikana kwa ukamilifu katika toleo la Pro na si katika Home, tofauti ambayo muuzaji dukani huitaja mara chache sana.

Pale mashine inapochagua yenyewe

Kuna vyumba ambavyo mjadala wote huu hauingii. GeneXpert, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Desemba 2010 kwa uchunguzi wa kifua kikuu, huja na programu yake inayoendeshwa na Windows. Maabara yenye mashine hiyo itakuwa na Windows, na kazi ya mtaalamu ni kuilinda kompyuta hiyo isitumiwe kwa filamu, muziki na flashi za wapita njia. Picha za mionzi zina nafuu zaidi: kiwango cha DICOM huziwezesha kusomwa na mfumo wowote, hivyo daktari wa Bugando hana haja ya kujua iliyopiga picha ilikuwa kompyuta gani.

Zahanati ya mfano, baada ya kuyapima hayo, inanunua mpakato mbili badala ya kompyuta tatu za mezani, na fedha inayobaki inakwenda kwenye betri na kishikwambi cha muuguzi. Mganga anabaki na Windows, toleo la Pro. Kijana anaweka Linux katika mpakato ya pili kwa sharti moja: aandike kwa Kiswahili, katika daftari la karatasi, kila hatua ya kuirejesha ikigoma, na mtumishi mwingine aijaribu hatua kwa hatua yeye akiwa ametoka nje. Daktari wa kujitolea anabaki na MacBook yake, lakini majedwali ya wagonjwa yanahama kutoka humo kabla miezi sita haijaisha.

Zoezi la mwisho hufanyika Ijumaa ya mwisho wa mwezi, foleni ikishapungua. Nakala rudufu huchukuliwa kutoka katika kompyuta moja na kufunguliwa katika ile yenye mfumo mwingine. Huchaguliwa kadi kumi kutoka kabatini bila kupanga, na muuguzi husoma kwa sauti namba ya kadi, tarehe ya kuzaliwa na dawa ya mwisho, huku kijana akifuatisha kwenye kioo. “Sista, rudia hiyo ya nne,” atasema, “hapa kwangu inaonyesha mwezi wa tatu.” Kadi hiyo huwekwa kando, na hakuna anayekwenda nyumbani kabla haijajulikana kosa liko kwenye karatasi au kwenye mashine.